Vyuma vya Hema

Harufu inayonirudisha kijijini Mkongo si ya mpunga wala ya matope ya mto, ingawa mbele ya watu ningependa kusema hivyo. Ni harufu ya godoro la sufi lililolowa, likianikwa juani juu ya banda la kuku. Godoro hilo lilikuwa langu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, wa kwanza darasani, binti wa mwalimu, na kikojozi. Jambo hili nimelikana kwa zaidi ya miaka thelathini, hata kwa mume wangu, ambaye hakuwahi kuuliza.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena na marobota ya mitumba yakafika hadi kwetu. Ndani ya robota moja lililofunguliwa Kibiti, katikati ya makoti mazito ambayo hakuna mtu wa Rufiji angeyavaa, kulikuwa na hema la kijani. Baba, mwalimu wa jiografia aliyehamishwa kutoka bara, alilinunua siku hiyo hiyo, akatangaza kwamba darasa la tano litakwenda kulala usiku mmoja kando ya ziwa. Wavulana wangelala kuuzunguka moto. Wasichana wote tisa wangelala hemani, bega kwa bega. Wenzangu hawakuona cha ajabu katika kulala porini. Kila msimu walilala huko na wazazi wao wakilinda mpunga, juu ya dungu, kile kibanda chenye miguu mirefu. Lakini kulala chini, kwa hiari, bila mpunga wa kulinda, waliona ni mambo ya watu wa bara. Mimi nilichosikia ni "bega kwa bega" tu.

Maandalizi yalichukua wiki mbili. Baba aliandika orodha ubaoni: sufuria mbili, taa ya chemli, unga, chumvi, kamba, kanga ya kujifunika. Alikwenda mwenyewe kuchagua mahali, akarudi akisifu uwanja wa nyasi fupi, kama zilizofyekwa jana, unaoteremka taratibu hadi majini. Wazazi walioitwa kikaoni walimsikiliza kwa adabu, wakatazamana, wakasema, "Haya, Mwalimu." Mimi niliacha kunywa maji kuanzia alasiri, nikasali sana, na kila asubuhi nikaamka nimelowa.

Vyuma vya kusimamishia hema alikabidhiwa Somoe, rafiki yangu na kiranja wa darasa. Aliviweka nyuma ya jiko lao. Siku tatu kabla ya safari, walipokuwa shamba, nilivichukua nikavilaza katikati ya mihogo iliyo nyuma ya nyumba yao, nikikusudia kuvirudisha safari ikishapita. Kesho yake Somoe aliliambia darasa kwamba amevipoteza, hajui vipi. Alichapwa fimbo nne, akavuliwa ukiranja. Jioni Baba aliniuliza kama nimeviona. Nikasema, "Sijaviona, Baba."

Baba akaomba fito. Wazazi wakaleta fito fupi, nyingine zimeliwa na mchwa. Hema likasimama kidogo, kisha likamwangukia mbuzi wa jirani. Nilishangaa kwamba watu wanaojenga madungu yanayostahimili mafuriko wameshindwa kukata fito. Safari ikafutwa. Nilipokwenda mihogoni, vyuma havikuwepo. Mwaka uliofuata tulihamishwa, nami nikaondoka bila kumtazama Somoe machoni.

Mwezi uliopita binti yangu alikuwa akijiandaa kwenda kupiga kambi ziwani na shule yake. Hema lake ukilirusha linajifungua lenyewe. Orodha ya vitu ililetwa kwa simu, pamoja na fomu inayouliza, kwa upole kabisa, kama mtoto hukojoa kitandani. Nilikaa na fomu ile muda mrefu. Ningeulizwa enzi zile, ningeandika hapana. Kisha nikatafuta namba ya Somoe, ambaye sasa anaishi Ikwiriri, nikampigia na kukiri habari ya vyuma kwa maneno niliyoyapanga kama mhadhara.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Binti Mwalimu," alisema, "mama aliviona mihogoni siku ile ile, akavipeleka mbali zaidi. Akaniambia nikubali kosa, Mwalimu asiendelee kutafuta. Baba yako alituchagulia pa kulala kwenye njia ya viboko wa ziwani. Zile nyasi ulidhani nani anazikata? Na nani angemwambia Mwalimu kwamba hajui?"

Nikamuuliza kuhusu fimbo.

"Ziliniuma, sikufichi. Na ukiranja nilikuwa naupenda."

Nikamwambia pole, neno dogo kwa miaka yote ile. Nikaongeza kwamba habari za viboko sikuzijua, kwamba mimi nilikuwa na sababu nyingine, na hapo mhadhara ukaniishia.

"Shoga, godoro lenu lilikuwa juu ya banda la kuku," alisema Somoe. "Tulikuwa tunalipita kila siku tukienda shule. Mama ndiye aliyetukataza kucheka."