Kipa Aliyetumwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya falsafa, nikapangiwa shule moja ya upili karibu na Kanja, kwetu Embu, na nilidhani wanafunzi walikuwa wameningoja kwa hamu. Mkuu wa Shule alinipima kwa macho kutoka viatuni hadi kwenye nywele, bila haraka.

"Wewe ni mrefu," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Basi utafundisha makipa. Falsafa haiko kwenye ratiba."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Sikuwahi kuwa kipa. Shuleni nilicheza winga wa kushoto, kwa sababu upande huo ulikuwa na kivuli cha miti ya migrevilea. Lakini Mkuu wa Shule hakuuliza, na mimi nilihitaji kazi.

Nyinyi mnaofundisha makipa leo mna video, mna koni za rangi, mna glavu zinazonata kama gundi. Katika miaka ya tisini mimi nilikuwa na ukuta wa choo cha wavulana, ambao angalau ulirudisha mpira, na glavu za fundi wa kuchomelea vyuma. Kipa akidaka mpira kwa glavu zile, ulisikika kama mtu amefunga mlango. Niliyoyajua mengine niliyaokota kwa kutembea nyuma ya goli. Siwezi kukaa kwenye benchi. Mpira ukienda kulia, miguu yangu inaenda kulia. Mkuu wa Shule alisema ninamtia kizunguzungu, na alikuwa ameketi mbali.

Nilichojifunza kule nyuma ya goli ni kwamba kifaa cha kwanza cha kipa ni mdomo. Chukueni mfano wa krosi, yaani mpira unaopigwa kutoka pembeni kuingia mbele ya lango. Beki wa kati, anayelinda pale katikati, anautazama mpira ukija, na goli liko mgongoni mwake. Hamwoni kipa. Kipa anawaona wote. Akitoka kuudaka anapaswa kupaza sauti, "Yangu," ili beki apishe. Akinyamaza, beki ataruka, naye kipa ataruka, na hapo ndipo mabao ya aibu huzaliwa.

Baada ya miaka michache Kanja, Ofisa wa Michezo wa Wilaya ya Meru alinichukua nikazunguke na makipa wa shule za huko. Alikuwa mtu wa kujibu kila ombi kwa "tutaangalia," na kweli aliangalia, lakini hakufanya zaidi. Katika mizunguko hiyo nilimkuta Mwenda huko Kibirichia, mtoto wa wakulima wa viazi, mwenye viganja vipana na sauti ya kutisha ng'ombe. Mbele yake alicheza beki mmoja aliyetoka Kangeta kuja kusoma pale, Mutwiri. Mwenda akisema kulia, Mutwiri alikwenda kulia. Niliwatazama nikajisikia kama mtu aliyeokota kitu barabarani na bado hajaulizwa na mwenyewe.

Mwenda aliitwa kwenye kambi ya timu ya taifa ya vijana ikiwa Disemba. Mutwiri aliitwa mwaka uliofuata, na mimi nikaitwa kuwafundisha makipa. Kambi ilikuwa Embu, katika shule ya bweni, kwa sababu kundi letu la mashindano ya kufuzu ya kanda lingechezwa nyumbani: mechi mbili Embu, ya mwisho Meru. Kiongozi wa kundi ndiye angesonga mbele. Wengine wangerudi kwao wakasome.

Kocha Mkuu alikuwa mtu wa Pwani, nadhifu, aliyetafuna kijiti cha meno mchana kutwa. "Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, "Kiswahili chenu cha mlimani kina mawe. Lakini nasikia una kipa."

Nilikuwa naye. Kwenye mechi ya kwanza ndipo nilipogundua kwamba sauti ameiacha Kibirichia. Tulikuwa tunaongoza kwa bao moja. Ikaja krosi nyepesi ambayo hata mimi na tai yangu ningeidaka. Mwenda akatoka, midomo yake ikacheza, sikusikia neno. Mutwiri akaruka bila kujua kuna mtu nyuma yake, akaupiga kwa kichwa, mpira ukampita Mwenda juu ya mabega ukaingia wavuni. Tukatoka sare.

Kocha Mkuu alinikuta nyuma ya goli.

"Huyu kipa wako ni bubu?"

"Kwao alikuwa anapiga kelele mpaka majirani wanalalamika."

"Hapa sijaona jirani aliyelalamika. Mechi ya pili akinyamaza tena, glavu nampa yule wa Nairobi."

"Yule wa Nairobi anadaka mpira kama mtu anayeogopa kuku."

"Lakini anasema, Mwalimu. Anasema."

Kesho yake mchana nilikwenda kula na wachezaji, nikaona nilichopaswa kukiona tangu siku ya kwanza. Mwenda alichukua sahani yake ya githeri akangoja Mutwiri na beki mwenzake Njeru, kijana wa kwetu Kanja, wakae. Kisha akakaa meza nyingine. Mutwiri alipomaliza chai alisukuma kikombe ukingoni mwa meza bila kugeuka. Mwenda akainuka, akakichukua, akaenda kukiosha.

Nilimvuta Mutwiri nje.

"Kwa nini wewe na kipa wako hamsikizani?"

"Haongei, Mwalimu."

"Akiongea utamsikiza?"

Akatabasamu kwa huruma, kama mtu anayemfafanulia mgeni. "Mwalimu, si wewe ni mtu wa Embu? Mimi nilitoka jandoni Disemba. Yule bado ni mwiji."

Mwiji, kwa Kimeru, ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Anaweza kukuletea maji, lakini hawezi kukuambia uyanywe. Wenzake wote wa rika waliingia jandoni Disemba iliyopita, na Mwenda hakuingia kwa sababu alikuwa kambini, akituchezea sisi. Mutwiri aliyemtii mwaka uliotangulia alikuwa sasa mwanamume, na mwanamume haamrishwi na mwiji, hata kama mwiji anaona krosi naye haioni. Mwenda alilijua hilo kuliko yeyote. Ndiyo maana alinyamaza. Alikuwa ameuacha utu uzima wake kwa ajili ya mpira, na sasa mpira nao ulikuwa unataka kumwacha.

Nilifanya kile ambacho digrii ilinifunza. Niliwakusanya mabeki nikawahutubia kuhusu akili ya binadamu, kwamba ukweli ni ukweli bila kujali nani ameusema. Nilidhani nilizungumza vizuri. Nilipomaliza, Njeru aliinua mkono akauliza kama wangeruhusiwa kwenda kufua soksi. Otieno, winga wetu kutoka Kisumu, alikuwa amesikiliza akiwa amejilaza kwenye nyasi.

"Mwalimu, babu zetu sisi hawakwenda jandoni, waling'oa meno ya mbele," akasema. "Mimi ninayo yote. Na hakuna mtu amekataa pasi yangu."

"Wewe ni wa mbali," Mutwiri akamjibu, bila chuki. "Wewe hatukuhesabu."

Siku ya mapumziko nilimwomba Meneja wa Timu gari, nikaenda Kibirichia kumwona babake Mwenda. Nilimkuta shambani akichimba viazi. Hakuacha kuchimba. Alinipa gunia nilishike mdomo, na tukazungumza hivyo, yeye akitupa viazi, mimi nikivipokea kwa viatu vyangu vya mjini.

"Kama umekuja kuniomba Disemba nyingine, rudi," akasema. "Hii Disemba amepangiwa. Mwaka jana mpira ilimchukua, rika yake ikamwacha. Mwaka huu hapana."

"Sijaja kuomba Disemba, Baba Mwenda. Mechi zitakuwa zimeisha. Nimekuja kwa sababu mabeki hawamsikii."

Nikamweleza. Alicheka mpaka akaegemea jembe.

"Sasa ulitaka wamsikie? Mimi pia singemsikia. Nilikuwa na ndugu yangu mkubwa, akitoka jandoni nikamwambia afunge mlango. Nilifunga mimi huo mlango mwaka mzima."

"Basi nitapoteza kipa."

Akachimba mistari kadhaa. Gunia likawa zito. Nilianza kuhamisha uzito wangu kutoka mguu huu hadi ule, na nadhani ndicho kilichomfanya aseme, maana alikuwa akinitazama kama mtoto anayetaka kwenda haja.

"Mwalimu, kwenu mwiji hatumwi?"

"Anatumwa."

"Babangu alikuwa akinituma kwa wazee. Nasimama mbele yao nasema, toeni ng'ombe kwa shamba ya fulani. Wanatoa. Mimi mdogo hivi. Kwa nini wanatoa?"

"Kwa sababu si neno lako."

"Si langu. Ni ya mwenye kunituma. Wewe umewahi kutuma huyu kijana?"

Sikuwa nimewahi. Nilikuwa nimemfundisha, nimemkemea, nimemsifu, lakini sikuwa nimemtuma.

Nilirudi Embu na gunia la viazi, na asubuhi iliyofuata uwanjani nilimsimamisha Mwenda kando yangu mbele ya mabeki wote, ukuta wetu wa nyuma. Kocha Mkuu alisimama mbali, kijiti chake mdomoni, akiwa ameahidi kutocheka.

"Mutwiri, Njeru," nikasema. "Huyu nimemtuma mimi. Atakachosema langoni ni maneno yangu. Yeye anayabeba tu."

Mutwiri alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, na alitaka kujua mipaka.

"Hata akisema 'wewe, rudi'?"

"Hata akisema 'wewe, rudi'."

"Na akinitukana?"

"Nitakuwa nimekutukana mimi."

"Hiyo itakuwa makosa," akasema. "Lakini wewe ni mkubwa."

Mechi ya pili Mwenda alianza na sentensi nzima. "Mwalimu anasema ukuta usogee kushoto." "Mwalimu anasema Njeru asimwache namba tisa." Alizibeba kwa uangalifu kama mayai. Lakini mpira hausubiri sentensi iishe, na mara mbili tuliokolewa na mwamba wa goli alipokuwa bado kwenye "anasema." Wakati wa mapumziko tulifupisha. Kipindi cha pili kila krosi ilipoinuka, Mwenda alitoka akiita neno moja tu, "Mwalimu," na Mutwiri na Njeru wakapisha kama mlango wa bembea. Mama mmoja aliyeuza ndizi nyuma ya goli aliniuliza kwa nini yule mtoto anamlilia mwalimu wake, au huko shuleni anapigwa. Tulishinda. Kocha Mkuu alinipa mkono, akasema mawe ya mlimani pia yana kazi.

Meru tulihitaji sare. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na watu wa Kibirichia walikuja na magunia kichwani, babake Mwenda miongoni mwao. Wageni wetu walikuwa wakubwa, wazuri, na walihitaji ushindi, kwa hiyo walimwaga krosi kutoka pande zote. Mimi nilikwenda kulia na kushoto nyuma ya goli mpaka nikatengeneza mfereji kwenye matope. "Mwalimu," Mwenda akaita, na tena, "Mwalimu," na kila alipoita mabeki wakapisha.

Kuelekea mwisho ikaja krosi ya chini, ya kasi, iliyoteleza juu ya maji. Mutwiri alikuwa amegeuka vibaya. Niliona mguu wake ukiinuka, na niliona mpira utakakokwenda, wavuni kwetu, kama lile bao la aibu la Embu. Hakukuwa na nafasi ya neno langu.

"Mutwiri, lala."

Ilikuwa ile sauti ya Kibirichia. Mutwiri alilala kifudifudi kwenye dimbwi, kama mtu aliyekatwa miguu, na Mwenda akaruka juu yake akaukumbatia mpira.

Nilikuwa karibu, nilisikia kila kitu. Mutwiri aliinuka, matope yakimchuruzika usoni. Njeru alisimama. Hata namba tisa wa wageni alisimama, bila kujua kwa nini.

"Mwalimu amesema?" Mutwiri akauliza.

Mwenda alikuwa ameushikilia mpira kifuani. Angeweza kusema ndiyo. Nilikuwa pale, ningekubali.

"Hapana," akasema. "Nimesema mimi."

Mutwiri alimtazama. Akatema matope. "Basi piga mpira," akasema, "saa inaisha." Akakimbia kwenda mahali pake.

Tulifuzu. Raundi iliyofuata tulitolewa ugenini, kwa mabao ambayo hakuna kelele ingeyazuia. Disemba Mwenda aliingia jandoni kama ilivyopangwa, na Mutwiri alitoka Kangeta na bunda la miraa kwa ajili ya wazee, akasimama nao mpaka mwisho. Waliporudi kambini mwaka uliofuata, Mwenda alikuwa na haki yote ya kupiga kelele kwa jina lake mwenyewe. Krosi ya kwanza ya mazoezi ilipoinuka, akatoka akaita, "Mwalimu." Hakuacha mpaka alipoacha kucheza. Aliniambia ni mazoea ya mdomo tu, na sikumwuliza zaidi, kwa sababu nililipenda jibu nililokuwa nalo kichwani.

Nilifundisha makipa wengi baada yake, chini ya Makocha Wakuu waliokuja na kuondoka, wote wakinikuta nyuma ya goli na kuniacha hapo hapo. Sasa nimestaafu, niko Kanja, na mke wangu anasema ninatembea hata nikinywa chai. Watu huniuliza nilifanya nini hasa katika kazi yangu. Nikijibu kwa unyofu, nilikuwa mrefu, na siku chache nilimwazima kijana jina langu.

Juzi Mwenda aliniita Kibirichia. Analima viazi vya babake na kufundisha timu ya shule ya msingi ya jirani. Kipa wake ni mdogo kuliko mabeki wote, na nilipofika Mwenda alikuwa amemsimamisha kando yake mbele yao, mkono begani. "Huyu nimemtuma mimi," akawaambia. Nikasogea nyuma ya goli, nikiwa nimejiandaa, nakiri, kulisikia lile neno. Mpira wa kona ukainuka, yule mdogo akatoka mbio, akafungua mdomo.

"Mwenda," akaita, na mabeki wakapisha.