Nilisema Nasubiri

Mwaka ule chanjo ya korona ilipofika kwetu, nilikuwa katekista wa kigango kimoja upande wa Masumbwe. Padre alitufikia mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine niliongoza ibada mimi. Kwa hiyo neno langu lilikuwa na uzito mkubwa kuliko nilivyostahili.

Shemeji yangu anayechimba dhahabu Bugarama alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Ndani yake mtu asiyejulikana alisema kwamba waliochanjwa hawatamaliza miaka miwili. Sikuiamini moja kwa moja, lakini sikuifuta. Jumapili iliyofuata, kwenye matangazo, mzee mmoja aliniuliza habari ya sindano. Nikajibu, "Kila mtu aamue mwenyewe. Mimi na nyumba yangu tunasubiri kwanza." Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Nilifurahia makofi yale.

Mbele kabisa alikaa mama aliyekuwa akituanzishia nyimbo kwaya ilipokuwa haijatulia. Wote tulimwita mayu, kwa Kisukuma, maana alikuwa na umri wa mama zetu. Alikuwa na kisukari. Baadaye ndipo nilipojua kwamba muuguzi wa kliniki alikuwa amemshauri achanjwe siku yoyote wiki ile, naye akajibu, "Katekista anasubiri. Nami nitasubiri."

Hazikupita wiki nyingi akaanza kukohoa. Nyumbani kwake walimjazia nyungu, wakamfunika blanketi, akajifukiza mpaka akachoka. Alipopelekwa hospitali alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Alifariki siku ya nne. Hakuna aliyetuambia kwa uhakika kilichomuua, na mimi siwezi kudai kwamba najua kuliko wao. Lakini nilisalisha mazishi yake huku nikikwepa kuyaangalia macho ya binti yake.

Siku ya kuondoa matanga, nilipokuwa nanawa mikono, binti yule alinijia na sahani ya ugali. Aliiweka mbele yangu vizuri, kwa heshima, halafu akauliza kwa sauti ya chini:

"Baba katekista, ulikuwa unasubiri nini?"

Ningeweza kutaja ile sauti ya kwenye simu. Ningeweza kusema ugonjwa wenyewe haukupimwa. Badala yake niliendelea kunawa mikono iliyokwisha kutakata. Akaondoka kwenda kuwahudumia wengine, nami sikuweza kula.

Jumatano nilipanda baiskeli nikaenda kituo cha afya. Muuguzi alinitambua. "Shikamoo, baba. Umeleta mgonjwa?"

"Marahaba. Nimejileta mwenyewe."

Hakuniuliza zaidi. Aliandika, akaniuliza kuhusu presha na mzio, akanichoma bega la kushoto. Nilitegemea maumivu makubwa, kumbe ni kama mwiba wa mgunga. Nilikaa kwenye benchi kama nilivyoagizwa, nikiona aibu zaidi kuliko hofu. Kesho yake mwili uliniuma na homa ikanishika kidogo. Mke wangu alinipa uji, akasema, "Ungeniambia, tungeenda wote." Wiki ile ile naye alikwenda.

Jumapili, baada ya matangazo mengine yote, nilibaki nimesimama.

"Niliwaambia nasubiri," nikasema. "Haikuwa kweli. Niliogopa, na niliona haya kuogopa mbele yenu, ndiyo maana nikaifanya hofu yangu ionekane kama busara. Jumatano nilichanjwa."

Kisha yule mzee aliyeniuliza mara ya kwanza akasimama akiegemea fimbo. "Sasa tumsadiki yupi? Yule wa siku ile au huyu wa leo?"

"Msinisadiki mimi," nikamjibu. "Nendeni mkamuulize muuguzi. Mimi nafundisha katekisimu."

Hakuna aliyepiga makofi. Baadhi walikwenda kituoni, wengine hawakwenda, na wachache walianza kusali kigango cha jirani. Hilo nililipokea.

Binti wa marehemu hakuwepo siku ile. Tulikutana sokoni miezi kadhaa baadaye, akiwa amekaa nyuma ya mafungu yake ya dagaa. Nilimsalimu, nikaanza kutafuta maneno. Alinikatiza.

"Nimesikia ulichosema kanisani," akasema. "Bado moyo wangu haujatulia juu yako, baba. Lakini Jumamosi tunasimika msalaba kaburini kwa mama. Yeye angetaka wewe usalishe. Njoo mapema, kabla jua halijawa kali."

Nilikwenda. Nilifika kabla ya wageni wengine, nikamkuta anachota maji ya kukorogea saruji, nikapokea ndoo moja.