Dagaa Ndani ya Mfuko wa Skii

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenifikisha umri wa kuona wajukuu, Yeye anayeyajua yaliyomo ndani ya mizigo yetu kabla mashine za uwanja wa ndege hazijayamulika. Rehema zake zimenitangulia mara nyingi. Siku ninayotaka kuieleza zilinitangulia nikiwa nimeshapotoka.

Nilitoka Morogoro kuja Johannesburg nikiwa mke wa mtu aliyekuwa anarejea kwao baada ya miaka mingi uhamishoni. Yeye ametangulia mbele ya haki, nami nimebaki Rosettenville, mtaa mmoja wa jiji hilo. Hapo ndipo nilipomlea mjukuu wangu. Binti huyu anaelewa Kiswahili chote, hata kile ninachokisema chini chini nisisikike, ila hujibu kwa Kiingereza. Maneno yake nitayaandika kwa lugha yangu.

Alipomaliza shule alipata kazi ya jikoni katika hoteli moja ya milimani Lesotho. Huko, wakati wa baridi, theluji huanguka, na watu hulipa ili wateremke mlima wakiteleza juu ya mbao mbili nyembamba zilizofungwa miguuni. Mbao hizo huitwa skii. Baada ya misimu mitatu hakuwa akiosha tena vyombo, alikuwa akiwafundisha watoto kuteleza. Kisha akapata mkataba wa kufundisha Ulaya msimu mzima, kwa sharti aende na skii zake mwenyewe na afike siku iliyopangwa.

Tikiti ilimruhusu sanduku moja. Skii zina malipo yake ya pekee, ya vifaa vya michezo, naye alikuwa ameshayalipa kwa simu. Akanisomea masharti: ndani ya mfuko ule mrefu ziwemo skii, fimbo zake na viatu vyake tu. Kikikutwa kitu kingine, mfuko unahesabiwa mzigo wa kawaida, tena uliozidi urefu na kuzidi uzito, na kila ziada inalipiwa. Niliitikia kwa kichwa. Nilisikia, lakini sikuzingatia.

Kwetu mtu haachwi asafiri mikono mitupu. Sanduku lake lilikuwa limeshajaa makoti. Alipokwenda kusukwa, niliufungua ule mfuko, nikaona nafasi inakaa bure. Nikazizungushia skii khanga mbili kuukuu zisigongane. Pembeni nikalaza pakiti nne za dagaa wa Kigoma. Viatu vyenyewe ni vikubwa na vigumu kama ndoo, basi ndani yake nikashindilia pakiti za unga wa ulezi, maana niliwaza, huko kwenye baridi atakunywa uji wa nini? Nikafunga zipu, nikasema Bismillahi. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo, kwamba nilisema Bismillahi.

Siku ya safari tulifika uwanjani mchana. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yetu watu walikuwa wakiamriwa kufungua masanduku sakafuni. Bwana mmoja alivaa majaketi matatu palepale ili kupunguza kilo, jasho likimtoka. Ndipo yale masharti yakanirudia, neno kwa neno. Nilianza kuhesabu tasbihi kwa vidole, hesabu ikawa inanipotea kila nikifika kumi na moja.

Mhudumu wa kaunta alikuwa dada mchangamfu.

"Skii, kutoka Jo'burg?" akasema. "Utateleza wapi wewe, Hillbrow?"

"Hillbrow lifti zimekufa," mjukuu wangu akamjibu. "Nitapandaje juu?"

Wakacheka wote wawili, maana Hillbrow ni mtaa wa maghorofa marefu yaliyochakaa, na wateleza skii nao hupandishwa mlimani kwa lifti. Mimi nilikuwa natazama mfuko ukilala kwenye mizani.

"Umefunga mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Humo mna skii tu?"

"Skii, fimbo, viatu. Basi."

Ulimi ulikuwa wake, uongo ulikuwa wangu. Yule dada akatazama namba za mizani, akakunja uso. "Mbona nzito hivi?"

"Viatu," mjukuu wangu akasema bila wasiwasi wowote. "Vile viatu ni vizito sana."

Dada akachukua karatasi ya kubandika. Nikajiambia, ni dagaa tu, si bunduki. Nikajiambia, ukisema sasa, ndege itamwacha, na mkataba utakwenda kwa mwingine. Na wakati huohuo nikawakumbuka wanawake wa darsa letu, ambao nimekaa nao miaka nikiwafundisha kwamba ushahidi haufichwi, hata ukiwa dhidi ya nafsi yako.

"Mwanangu, ngoja," nikamwambia mhudumu kwa Kizulu changu cha kuokoteza. "Humo mna vitu vyangu. Yeye hajui."

Mjukuu wangu akageuka. "Vitu gani, Bibi?"

"Dagaa."

"Kiasi gani?"

"Pakiti nne. Na unga. Uko ndani ya viatu."

Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Nilikusomea masharti, Bibi. Nilikusomea mara mbili."

Mhudumu akausukuma mfuko pembeni. "Gogo, nisikilize," akasema, akiniita bibi kwa Kizulu, sasa hacheki. "Nikiupitisha hivi, analipa mzigo wa pili, analipa urefu, analipa uzito. Mnazo hizo pesa?"

Hatukuwa nazo.

"Tena kule akishuka, wakikuta samaki ambao hakuwataja, hawatamtafuta gogo. Watamshika aliyeandikwa jina hapa. Mna dakika ishirini, halafu nafunga."

Tulipiga magoti sakafuni. Dagaa walitoka upesi, harufu nayo ikatoka. Unga ndio uliotutesa. Ulikuwa umeshikana ndani ya viatu, na pakiti moja ilikuwa imepasuka. Mjukuu wangu akawa anagonga kiatu kwenye pipa la taka kama mtu anayekung'uta matope, mikono imemgeuka rangi, nywele zake mpya zimemwangukia usoni. Sikuthubutu kumsaidia kuzishika. Kila nikitazama saa ya ukutani, naona mshale umeruka.

Baba mmoja Mkongo aliyesimama karibu akainama. "Mama, kama munatupa hii samaki, mimi niko hapa. Sisafiri, nilisindikiza tu mutu."

Nikampa pakiti zote nne. Akaniombea baraka, nami nikarudi kwenye unga.

Tuliporudi kaunta, mhudumu akaufungua mfuko mwenyewe, akapapasa mpaka ncha. Akaivuta khanga. "Na hizi nguo, Gogo, ni za nini?"

Mjukuu wangu alinitazama. Sijawahi kuulizwa swali jepesi likanitia hofu namna ile. Niliipekua nia yangu kabla ya kujibu, nikihofia nisije nikadanganya mara ya pili bila kujua.

"Nilizifungia skii zisigongane."

"Kweli?"

"Mwanangu, nimekwambia ya dagaa kwa hiari yangu. Nitakudanganya kwa khanga?"

Akazirudisha, akafunga zipu. "Kifungashio hakina malipo," akasema, akabandika ile karatasi. Ilibaki dakika nne.

Tuliagana mbio. Alinikumbatia, lakini mkono wake haukukaa mgongoni kwangu. "Tutaongea," akasema, akaenda. Nilibaki nimesimama hadi mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Siku mbili sikusikia kitu. Nilikuwa naswali, halafu sikumbuki nimeswali rakaa ngapi, naanza upya. Niliogopa kwamba mfuko umezuiliwa. Na zaidi niliogopa kwamba umefika salama, na ni yeye tu asiyetaka kuongea nami.

Siku ya tatu akapiga. "Zimefika. Nimeshaanza na watoto."

Nikamwomba radhi. Sikumwambia habari za mapenzi wala za desturi, maana radhi ikifungwa pamoja na sababu huwa nzito kuipokea. Nikasikia watoto wakipiga kelele nyuma yake.

"Bibi," akasema, "ukitaka kunipa kitu, nipe mkononi."

Nimemwahidi. Nawe unayesoma, Mola akusafirishe kwa amani, akufikishe na ulichokibeba kwa kujua, na akupe watu wa kukupenda waziwazi. Amin.