Bi Nailoni na Laptop Iliyozeekea Kabatini

Mtaa wa Mchikichi ukiulizia Kuruthumu binti Rajabu, watu watakuangalia kama umekuja kukata umeme. Hawamjui. Uliza Bi Nailoni, utapelekwa mpaka mlangoni, na njiani utasimuliwa bure.

Jina lilianza siku ya posa ya binti yake, Shamsa. Huyu mama ana imani moja maishani: kitu kipya hakivuliwi nguo. Rimoti ina nailoni. Friji lina nailoni. Makochi yana nailoni ileile ya dukani, na makochi yenyewe umri wake yangeshapiga kura mara mbili. Sasa wajumbe wa posa wakaja mchana wa mwezi wa pili, jua la kukaangia yai, umeme hamna, feni imelala. Wakakaa juu ya nailoni saa nzima na kanzu zao. Wakati wa kusimama kuomba dua, mzee kiongozi wa msafara akainuka, nailoni nayo ikainuka naye, halafu ikamwachia.

Mlio uliotoka, wadau, siwezi kuuandika hapa.

Kila mtu akaangalia ukutani. Mzee akaapa ni kochi. Akakaa tena, akasimama tena, kusudi athibitishe. Kochi likanyamaza kimya kama shahidi aliyehongwa. Posa ikakubaliwa haraka kuliko posa yoyote Kariakoo, maana watu walishabana mbavu wanataka kutoka wakacheke nje. Kufika Alasiri, hata muuza kahawa alikuwa anamwita Bi Nailoni. Leo ni mwaka wa tisa, na mzee wa watu hajarudi kukaa kwenye lile kochi.

Ila usimchukulie poa. Huyu mama ni mchoraji wa kanga. Miaka thelathini anachora kwa mkono, kwa rula na kalamu ya risasi: pindo linalozunguka pembeni, mji, ile picha kubwa ya katikati, na chini yake jina, yaani yale maneno yanayofanya majirani wasisalimiane. Mama yako akijifunga kanga ya kumsema shangazi yako, inawezekana kabisa Bi Nailoni ndiye aliyewagombanisha.

Mwaka jana, baada ya Idi ndogo, mwenye duka la jumla anayechukua michoro yake, Abdulmajid, akamwambia ukweli kwa upole. Kiwanda hakitaki karatasi tena. Kuanzia mzigo wa Idi kubwa ya mwaka unaofuata, mchoro uje kwenye kompyuta au usije. Kuna kijana ameshaanza kumletea michoro kutoka kwenye simu, anatoa mitano kwa siku kama chapati. Kwa hiyo dada Kuruthumu aamue: ajifunze, au amwachie dogo.

Akaamua. Wiki hiyohiyo akanunua laptop mpya, kwenye boksi, waranti ya kiwanda mwaka mzima, na kadi yenye picha ya mdada kavaa hedifoni anacheka kama anakufahamu. Halafu akafanya kitu ambacho mimi na wewe tumeshawaona mama zetu wakikifanya kwa sahani. Akaiweka kabatini.

Msinicheke bado. Akaenda kujifunza Upanga kwa Sitara, dada mwenye darasa la kompyuta sebuleni kwake, kwa kutumia mashine za Sitara zilizochoka mpaka herufi zimefutika. Sitara akamsihi aiwashe hiyo mpya angalau aijaribu. Bi Nailoni akamuuliza kama vyombo vya wageni huwa anavijaribu na nani. Kitu kipya hakijifunziwi, unajifunzia kibovu, ukishajua ndiyo unakifungua kipya kwa heshima yake. Miezi kumi na nusu laptop imelala kati ya birika la udongo na seti ya vikombe ambavyo hata rais akija sina uhakika kama vitatoka. Siku zinakatika. Waranti nayo inakatika humohumo gizani.

Siku ya kuifungua alivaa vizuri kabisa, akapiga bismillahi, akabandua nailoni moja tu, ya kioo, kwa shingo upande. Wiki sita akachora. Wacha niseme bila utani: ilikuwa kazi. Mji wake ni kinu na mchi, pindo ni majani ya kisamvu yamefumana. Wapita njia waliochungulia waliuliza kama hiyo kanga itavaliwa au itavutwa, maana jani la kisamvu na la bangi ni kama pacha, lakini hata wao walikubali kwamba mama anajua. Ikabaki nafasi nyeupe ya jina tu, maana maneno yeye huyaweka mwisho.

Jumanne, siku mbili kabla ya mchoro kwenda kiwandani, laptop ikazima. Hakuna moshi, hakuna kelele. Ukiwasha, kitaa chake kinapepesa mara tatu, basi, kama mtu anayekukonyeza kabla hajakuibia. Mchoro uko ndani, hakuna nakala popote, na Alhamisi saa sita mchana Abdulmajid anafunga mzigo.

Akapiga simu huduma kwa wateja. Muziki dakika kumi na saba. Mwisho akapokea dada mwenye sauti ya asali, akaomba namba za nyuma ya laptop, akapekuapekua.

"Mama, waranti yako imeisha Jumamosi."

"Nimeitumia wiki sita tu, mwanangu."

"Inahesabiwa kuanzia tarehe ya risiti, mama."

"Hata kama ilikuwa kabatini?"

"Kabatini ilikuwa inafanya nini, mama?"

"Inasubiri."

Yule dada wa asali akamshauri aipeleke ofisini kwao. Akaipeleka. Kule wakaikagua dakika tano wakamwambia bodi imekufa, bodi mpya bei yake inazidi ya laptop nzima, na kabla hawajaigusa asaini fomu kwamba vyote vilivyomo ndani vikipotea ni shauri yake. Akaeleza kuhusu mchoro. Wakamwonyesha fomu. Akaeleza tena, taratibu, kuhusu miaka thelathini. Wakamwonyesha mahali pa kusaini. Siku tatu tu, wadau. Wangejifanya hawajaona kalenda wangekufa?

Akabeba mgonjwa wake mpaka mtaa wa Gerezani, kwa Elimringi, fundi wa Kimachame, Mangi kwa wateja wake, ambaye banda lake lina laptop zilizofunguliwa kama kuku wa sokoni. Elimringi akaisoma jina, akacheka kwa huzuni, akaonyesha lundo kwenye kona. Zote ndugu zake, toleo lilelile. Zinachemka, bodi inapasuka, na zina adabu moja ya ajabu: nyingi zinavumilia kidogo tu waranti iishe ndiyo zinakata roho.

"Sasa Mangi, mchoro wangu?"

"Mama, huyu ameshakufa, nisikudanganye. Ila diski hii inachomoka. Tuombe Mungu."

Akaichomoa, akaichomeka kwenye mashine yake, ikagoma. Akaifuta miguu ya kuchomekea kwa kitambaa, ikagoma. Bi Nailoni alikuwa kashika ncha ya kanga aliyojitanda anaizungusha kidoleni mpaka kidole kikawa cheupe. Mara ya nne ikafunguka. Kinu, mchi, kisamvu, vyote vipo. Elimringi akavihamishia kwenye flashi na kumkabidhi kwa mikono miwili.

Alhamisi asubuhi akawa dukani kwa Abdulmajid. Mchoro wa yule kijana ulikuwa umeshafunguliwa kwenye meza, tayari kutumwa. Abdulmajid akaangalia wa Bi Nailoni muda mrefu, akakuza, akapunguza, akausifu. Halafu akauliza jina. Mama akamtajia alilokuwa amelipanga, kitu cha subira na utulivu.

"Dada yangu, hayo maneno mama yangu alizaliwa akayakuta. Dogo kaleta jipya. Mimi nauza jina, sio kinu."

Simu ya Bi Nailoni ikalia. Ujumbe kutoka kwa wenye laptop: wanamshukuru kwa kuwasiliana nao, wanamwomba awape nyota, moja mpaka tano, kwa huduma aliyoipata.

Akausoma. Akausoma tena. Akaiweka simu mezani, kifudifudi.

"Majidi, andika: Uliniahidi mwaka, siku tatu zimekushinda."

Abdulmajid aliandika huku anacheka, na mchoro wa kijana ukafungwa usubiri zamu yake.

Mzigo ulipofika, kanga ya kisamvu iliisha kabla hata haijapangwa vizuri. Aliyeachwa akanunua, aliyeolewa akanunua, na mmoja alinunua doti mbili kwa ajili ya mwajiri wake. Bi Nailoni alibakiza doti moja. Akajifunga, jina likakaa sawasawa nyuma, akaenda zake kwenye ile ofisi ya wenye laptop. Hakugombana na mtu. Alisimama mbele ya kaunta, akageuka, akawapa mgongo, akatulia hivyo kama anasoma bango ukutani. Ndiyo desturi ya kanga: wewe hujibu, unasomwa.

Walimsoma. Mameneja wakajifanya wana kazi. Laptop mpaka leo hawajamtengenezea, na sasa anachora kwa ile mashine ya Sitara isiyo na herufi. Ila wakati anatoka, dada wa kaunta alimkimbilia mpaka ngazini, akainama kidogo.

"Shikamoo mama. Hiyo doti naipata duka gani?"

"Marahaba. Kwa Abdulmajid. Wahi, mzigo wa pili ndio huo unaisha."

Haya, wakuu, nimemaliza umbea wangu. Najua humu ndani hamjasalimika. Nani simu yake ilikufa wiki moja baada ya waranti? Nani aliambiwa "zima uwashe" mpaka akazeeka? Na nani ana mama mwenye kitu kimelala kabatini sasa hivi, hakijawahi kuguswa? Shusheni visa vyenu kwenye komenti, na majina ya kanga ambazo mngewavalia hao watu. Bi Nailoni anapita kusoma, na ameomba niwaambie kwamba maneno mazuri anayachukua.