Fishi ya Familia

Watu wanaonijua hapa Kolwezi hucheka wakisikia kazi yangu ni kutunza siri. Mi nasema sana. Nasema sokoni, nasema kwenye teksi, hata kanisani nasema pasta akiwa amefumba macho. Lakini nikishakaa kwenye gishe, lile dirisha dogo tunalopokelea wagonjwa kwa daktari wetu, hakuna anayenitoa neno la mgonjwa. Bwana wangu alijaribu nyumbani, akachoka mwenyewe.

Daktari wetu anatibu nyumba nzima, kuanzia mtoto mchanga hadi bibi yake. Kwa hiyo karatasi za nyumba moja zilikaa kwenye jalada moja, na juu yake niliandika kwa biki nyekundu, herufi kubwa: FISHI YA FAMILIA, maana faili la mgonjwa sisi tunaliita fishi. Nikajiona nimefanya kazi safi. Kumbe hapa kwetu familia haina mlango. Ni mashangazi, ni wajomba, ni hata mtu ambaye babu yake alipanda treni moja na babu yako kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba. Mi sikufikiri.

Jumanne moja asubuhi waliingia mama watatu wa kikundi cha maombi, wamevaa vitambaa vya aina moja. Aliyetangulia alikuwa mama mkwe wa mgonjwa wetu mmoja, mwalimu wa kike wa mtaa wa Kasulo, aliyeolewa miaka mitano bila kupata mtoto.

"Mwana, utupatie fishi ya mukwe wangu," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Tuko nafunga juu yake. Sasa ugonjwa yenye haina jina, tutaiombea namna gani?"

"Mama, Mungu anajua kusoma. Hana haja apitie kwangu."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akanyoosha kidole kwenye rafu nyuma yangu. "Pale uliandika nini? Familia. Na mukubwa wa familia ni nani? Njo miye, ni miye!"

Loo! Amenikamata kwa mwandiko wangu mwenyewe. Akaongeza kwamba Jumapili familia inakaa kikao, na kama mukwe wake anaendelea kuficha ugonjwa, watamrudisha kwao.

Hapo ulimi uliniwasha. Nilijua kilichomo ndani ya jalada lile. Vipimo vya mwalimu vilikuwa vizuri vyote. Shida ilikuwa kwenye karatasi ya bwana wake, na daktari alikuwa amewaeleza wote wawili. Yule bwana alitoka kichwa chini, na mwalimu akaniambia hapo dirishani, "Hii neno ibaki hapa." Sentensi moja tu ingemnyamazisha yule mama. Nilikuwa na hasira naye, na zaidi nilimkasirikia yule mwanaume aliyejificha nyuma ya mke wake. Lakini karatasi haikuwa yangu, hata ya kumwokolea mtu ninayemhurumia.

"Fishi haitoki, mama. Hata ukileta kanisa nzima."

Akaniita mtoto asiye na adabu, wakaondoka. Nikamweleza daktari, akamwita yule bwana.

Alikuja Ijumaa akitoka kazini kwenye mgodi wa Mashamba, buti zimejaa vumbi. Walizungumza na daktari, mlango umefungwa. Alipotoka nikampa nakala ya karatasi yake ndani ya bahasha.

"Tata," nikamwambia polepole, "siye tulifunga mdomo juu yako. Bibi yako naye alifunga. Siku ya kikao siye hatutakuwako, weye njo utakuwa umekaa pale."

Akaitia bahasha mfukoni, akatoka. Sijui kama nilivuka mpaka. Ningeulizwa leo, ningesema vile vile.

Jumamosi nilishinda nikivunja majalada yote. Kila mtu na fishi yake, juu namba tu.

Jumatatu yule mama alirudi, peke yake. Alisubiri hadi benchi likabaki tupu, ndipo akasogea dirishani.

"Mwana, mutoto yangu alisema," akanong'ona. "Mbele ya familia yote. Alishika mukono ya bibi yake, akasema, 'Haiko yeye. Ni miye.'"

Machozi yalinilenga, sifichi. Nilimfurahia mwalimu hadi nikataka kupiga vigelegele pale pale gisheni.

"Sasa dawa iko?" akauliza.

"Mama, hilo akuje kuuliza mwenyewe. Daktari atamujibu yeye."

Nikajikaza kupokea matusi. Hayakuja. Aligeuka kutazama mlangoni, kisha akaweka uso karibu kabisa na dirisha.

"Njo vizuri," akasema. "Na bale bamama ba maombi, bakikuja kuuliza... Mwana, usibaambie kitu. Nakuomba."

"Mama," nikamjibu, "hata weye, leo sikukuona."