Madoa kwenye Ukuta wa Timazi

Fundi plasta huyu watu walimpa jina la Timazi, ile kamba ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu akiingia nyumbani kwa mtu, hata kabla hajaketi, jicho limeshakwenda kwenye pembe za ukuta kuona kama zimenyooka. Mkewe alikuwa akisema yeye hakuolewa na mtu, aliolewa na kipimamaji.

Aliacha kazi magoti yalipogoma. Ukuta wake wa mwisho ulikuwa wa ujia ulio chini ya ghala la dawa, mita thelathini, hauna dirisha wala kona. Aliupiga plasta, akausugua kwa msasa siku tisa, akaupaka rangi nyeupe. Ukipitisha kiganja, hujui ulipoanzia.

Basi binti yake wa mwisho akapata kazi humo humo, kwa majaribio ya miezi mitatu. Alitakiwa aiwezeshe droni ndogo, ukubwa wa sahani, kuvusha vifurushi vya dawa kupitia ujia ule bila kushikwa na mtu. Alhamisi wakubwa wangekuja kutazama. Ikivuka, binti ameajiriwa. Isipovuka, anarudi nyumbani. Na sasa ilikuwa Jumanne, na droni imeshajigonga ukutani mara mbili.

"Baba, nina ombi, lakini usinipige."

"Nimekupiga lini mimi?"

"Ombi lenyewe hujawahi kuombwa."

Akamweleza. Kule chini mawimbi ya setilaiti hayafiki, kwa hiyo droni inajiongoza kwa kamera. Kamera inashika alama ukutani, iwe doa, ufa au msumari, halafu inaangalia alama hiyo inavyorudi nyuma. Hapo ndipo inajua imesogea kiasi gani. "Sasa pale kwako, baba, haina cha kushika. Ni kama kutembea ndani ya ukungu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tumeruhusiwa kuuchafua."

Mkewe, aliyekuwa akipanga vyombo, alicheka mpaka akashika kiuno. "Miaka arobaini mtu anafuta madoa ya watu, leo anaombwa ayaweke!"

"Hakuna atakayeugusa ila mimi," Timazi akasema, akaenda kulala bila kumuaga mtu.

Jumatano asubuhi alifika na kopo la rangi nyeusi na brashi.

"Mzee, umekuja kurekebisha?" mlinzi akamuuliza.

"Nimekuja kuharibu."

Mlinzi alidhani ni utani, akamfungulia.

Alitia madoa mpaka saa sita. Binti akarusha droni. Ikaenda mita kumi, ikasita, ikarudi nyuma, ikasogea tena, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Mwishowe ikatua sakafuni yenyewe.

Binti akautazama ukuta vizuri. Madoa yote saizi moja, yameachana shubiri moja moja, mstari umenyooka kama uzi.

"Baba! Umeyapanga!"

"Sijayapanga. Mkono umekwenda wenyewe."

"Yote mapacha haya! Inaona hili inadhani ni lile la nyuma."

Timazi akajaribu tena, safari hii amefumba macho. Akafumbua, akakuta safu nyingine. Mkono uliozoea kunyoosha haujui kupinda. Binti alitazama saa, kidevu kikaanza kumtetemeka kama alipokuwa mdogo. Hapo Timazi akameza kiburi chake.

"Nipe simu. Nimpigie mama yako."

Mama alikuja na ndala zake. "Nilijua tu," akasema, akanyakua brashi. Alipaka huku akimsimulia binti ugomvi wa majirani, na kila ugomvi ulipopanda, brashi nayo ilipanda. Hapa doa kubwa, pale matone, kule mkwaruzo. Alipochoka akaegemea ukuta, kiganja chake chote kikabaki pale. Timazi alisimama kama mtu anayeshonwa kidonda bila ganzi.

"Pale umeacha pengo," akashindwa kujizuia.

"Nyamaza. Leo fundi ni mimi."

Alhamisi, mbele ya wakubwa, droni ilivuka mita zote thelathini ikatua juu ya meza na kifurushi chake. Mkubwa mmoja alimpa binti mkono mara mbili, akamwambia Jumatatu aje kutia saini.

Walipoondoka, binti akawaonyesha wazazi wake kwenye skrini jinsi kamera ilivyoona. Vitone vya kijani, kila kimoja alama ambayo kamera imeishika, vilikuwa vimejazana juu ya madoa ya mama kama nzi.

"Umeona?" mama akamsukuma mumewe kwa kiwiko. "Uchafu wangu ndio uliomvusha mtoto."

Timazi akasogelea skrini, akauliza, "Na kabla ya haya madoa, ilikuwa inaona nini?"

Binti akafungua picha za siku ya kwanza kabisa, alipoibeba droni mkononi toka mlangoni hadi mwisho. Skrini ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na kitone hata kimoja.

"Ilitafuta kote?"

"Kote, baba. Inapiga picha thelathini kila sekunde."

"Haikupata hata mkwaruzo?"

"Hata wa kusingizia."

Timazi akaishika skrini kwa mikono miwili, akautazama weupe ule ukipita, ukipita, mpaka ukaisha.

"Rudisha mwanzo," akasema.