Amri Tuliyoiita Raba

Tulikuwa wawili tu katika chumba chetu cha kazi mjini Kigoma: mimi, na dada mmoja wa mtaa wa Kasingirima aliyenitangulia kazini miaka mitano. Tulitengeneza programu za kompyuta kwa yeyote aliyetuita. Asubuhi dada alikuja na chupa ya chai ya tangawizi na vitumbua, na hakuna aliyegusa kompyuta kabla vitumbua havijaisha. Upepo ukitoka ufukweni Kibirizi, chumba kizima kilinuka dagaa. Siku hizi nafanya kazi kwenye ofisi yenye kiyoyozi, lakini nikiukumbuka mlango ule uliokuwa wazi kutwa, moyo wangu hurudi kule.

Mwaka mmoja kliniki ya macho ilituomba programu ya kupanga foleni. Nesi angeandika jina la mgonjwa, kijiji na umri, kisha kompyuta ingeita mmoja mmoja kwa jina, kijiji na umri. Sehemu ya foleni niliiandika mimi, na niliionea fahari.

Wiki ya pili tukaitwa. Bibi mmoja wa kijiji cha Ilagala, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, alikuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, na kliniki ilikuwa inafungwa bila yeye kuitwa.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye daktari? Kama macho yangu hayatibiki, niambie tu, nirudi nyumbani."

Nikamgeukia nesi. "Labda hukumwandika."

"Nilimwandika," alisema. "Nilimwandika wa tatu."

Sikumwamini. Bibi akaenda kulala kwa binti yake huko Ujiji, nasi tukarudi ofisini na orodha ya nesi ya siku ile.

Kesho yake asubuhi dada aliendesha programu yangu ndani ya dibaga. Hicho ni chombo kinachoisimamisha programu katikati ya kazi, ukachungulia inachokishikilia kwenye kumbukumbu. Taabu ni kwamba nilipochungulia sikuona wagonjwa, niliona namba ndefu. Kila mgonjwa alikuwa na namba inayoonyesha alipohifadhiwa mwenzake wa nyuma, na ilinibidi nizifuate moja moja kwa kalamu. Nilijaza karatasi tatu, nikapotea mara mbili.

Dada akaniondolea kalamu mkononi. "Mdogo wangu, utazeeka hapo. Dibaga inakubali kufundishwa. Tuiandikie amri yetu, ituonyeshe foleni kama watu."

Alivuta kiti, akaandika, nami nikimweleza nilivyowapanga wagonjwa. Hakuwa mwepesi wa vidole, ila hakufuta mstari hata mmoja. Mwisho akauliza, "Amri tuiite nini? Huko kwenu Kasulu, 'tazama' mnasemaje?"

"Raba."

"Basi iwe raba."

Nikaandika neno lile, nikabonyeza. Wagonjwa wakashuka kwenye kioo mmoja baada ya mwingine, jina, kijiji, umri. Nilipiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona programu niliyoiandika kwa mikono yangu inafikiria nini.

Tukaanza kuwaingiza wagonjwa wa nesi upya, na kila baada ya mmoja tuliita raba. Bibi alikuwapo, wa tatu, umri sabini na mbili. Wa nne akaingia, wa tano, mpaka wa tisa. Wa kumi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, wa Ilagala vilevile. Tukaita raba. Watu walibaki tisa, na kwenye mstari wa bibi umri ulisomeka thelathini na moja. Siku ile jina lilipoitwa pamoja na umri huo, aliyeinuka si bibi.

"Jina lao ni moja," dada alisema. "Hili jina lina nini?"

Ni jina la pacha wa kwanza. Kwetu Waha mapacha hawatafutiwi jina, wanalikuta linawasubiri, na kijiji kimoja kinaweza kuwa nao hata kumi. Mama yangu mzazi ni pacha. Na mimi, mwanawe, nilikuwa nimeiambia kompyuta kuwa jina na kijiji vinatosha kumjua mtu.

Kurekebisha hakukuchukua hata saa moja. Tulimpa kila mgonjwa namba yake mwenyewe. Kilichonichelewesha ni safari ya kwenda kliniki.

"Nenda peke yako," dada alisema. "Nesi ulimshuku wewe."

Nilimwomba radhi mbele ya wagonjwa. Akasema, "Haya, washa mashine yako." Bibi aliitwa wa kwanza. Alipita karibu yangu akiwa ameshika bega la binti yake, wala hakujua ni mimi niliyemfuta.

Majuma kadhaa baadaye binti yake alituletea migebuka ya ziwani na chupa ya mawese kutoka kwa mama yake, ambaye jicho lake moja lilikuwa limeshafunguka baada ya upasuaji. Dada alipika palepale uani, tukamwita na nesi, tukala kwa ugali wa muhogo mchana kweupe, simu zikiita ndani na hakuna aliyenyanyuka. Nesi alitukanya tusimalize mchuzi kabla hajaongeza pilipili.